Kapita wa Miezi Mitatu

Mara ya kwanza kumwona Kapita, alikuwa amelala kitandani mwangu. Alikuwa amevua viatu na kuviweka juu ya kifua, amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikihesabu polepole. Nilikuwa na miaka minane hivi, nimetoka bombani na ndoo ya maji kichwani, nikasimama mlangoni nikidhani tumeletewa maiti. Alipofika ishirini akafumbua macho, akakaa, akavaa viatu vyake, akamgeukia mama yangu mdogo aliyekuwa amejibanza ukutani.

"Kitanda iko muzuri," akasema. "Lakini mutoto akigeuka kwa ukuta, kuko kintu inamuchoma mu mbavu."

Jioni, mume wa mama mdogo aliporudi kazini alizipapasa zile mbao, akakuta kweli pana kichwa cha msumari kimechomoza. Nilikuwa nimelala juu ya msumari ule wiki nzima bila kusema neno. Huko kunyamaza kwangu ndiko kulikokaribia kuniponza, lakini nitafika huko.

Jina lake nalijua, ila sioni haja ya kulitaja. Kambi nzima ilimwita Kapita, na hata mke wake alimwita hivyo siku alizomkasirikia. Makapita walikuwa wengi katika kambi ya reli pale Élisabethville. Kila safu chache za nyumba zilikuwa na wa kwake, aliyewekwa na kampuni aangalie usafi, aamue ugomvi wa bombani, na kupeleka habari ofisini. Wetu alikuwa na kazi moja zaidi ambayo wenzake hawakuitaka kabisa. Alisimamia watoto wa ndugu.

Niieleze hiyo kazi, maana leo vijana hawawezi kuiamini. Kampuni ilimtambua mwanamume, mke wake mmoja, na watoto waliozaliwa na hao wawili. Mwingine yeyote alikuwa mgeni, na mgeni alihitaji karatasi. Mtoto wa dada au wa kaka alipewa karatasi ya miezi mitatu, tuliyoiita permi, baada ya Kapita kuikagua nyumba na kuona inafaa kulea. Miezi mitatu ikiisha, Kapita anarudi na kuanza upya. Nyumba ikishindwa, inapewa siku kumi na tano za kujirekebisha; ikishindwa mara mbili mfululizo, mtoto anapandishwa lori la kaskazini na kurudishwa alikotoka.

Mimi nilikotoka ni Mitwaba, na Mitwaba hapakuwa na mtu tena. Mama yangu alikuwa amefariki, baba aliondoka kabla sijamjua sura, na nyanya aliyenilea alizikwa mwezi mmoja kabla sijapakiwa juu ya magunia ya mihogo kuja kwa Mama Mudogo. Lori lingenirudisha kwa nani? Kwa hiyo mkono wa Kapita ulipogusa chochote ndani ya nyumba ile, dirisha au sufuria, niliutazama mpaka ulipoachia.

Wazee walisimulia kwamba kazi hiyo ilizuka kwa sababu ya swali la karani. Karani wa ofisi aliwauliza wanawake: huyu mtoto ni wako? Na kwetu dada ya mama ni mama, kaka ya baba ni baba, kwa hiyo kila mwanamke alijibu ndiyo na hakuna aliyesema uongo. Mwisho wa mwaka mzungu wa ofisi akasoma kwamba mke wa fundi fulani, mwanamke wa miaka ishirini na mitano, ana watoto kumi na wanne, watano kati yao wa umri mmoja. Wanasema alikishika kichwa chake kwa mikono miwili. Ndipo akatafutwa mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba kutenganisha watoto na watoto, na kazi ikamwangukia huyu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa Maniema, Mwislamu katikati ya kambi ya Wakatoliki. Ijumaa alivaa kanzu na kofia nyeupe. Siku nyingine alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa na baiskeli, kinga kama tulivyoiita, nzuri, nyeusi, yenye kengele, na katika miaka yote niliyomjua sikumwona hata siku moja ameipanda. Aliisukuma. Aliisukuma safu kwa safu, juani na mvuani, huku ameushika usukani kama anamwongoza mzee kipofu. Ukimwuliza, alikuwa na jibu lake tayari.

"Muntu wa kinga anapitaka tu. Mi napenda kufika."

Watoto tulisema hajui kuiendesha. Ilunga, mtoto wa kiume wa Mama Mudogo, rika langu na adui wangu wa kila siku, aliapa kwamba alimwona nyuma ya karakana akijaribu na kuanguka ndani ya mtaro. Lakini Ilunga aliapa mambo mengi.

Ofisi ilimpa Kapita orodha. Kila mtoto awe na blanketi lake, dirisha lifunguke, choo kipakwe chokaa, pombe isipikwe ndani. Orodha hiyo aliifuata kwa uaminifu, akiweka alama kwa penseli, na ilikuwa rahisi kumdanganya. Katika safu yetu tulikuwa watoto watano wa permi, na mablanketi ya kuonyesha mgeni yalikuwa mawili. Siku ya ukaguzi wanawake waliyapitisha dirishani kutoka nyumba hadi nyumba, yakimtangulia. Lile jekundu lenye mistari myeusi lilifanya kazi kuliko mtu yeyote pale kambini. Siku moja, kwenye nyumba ya nne, Kapita aliingia, akalikuta limekunjwa vizuri kitandani, akalivulia kofia.

"Blanketi," akasema, "habari ya tangu asubuhi?"

Wanawake wakajua wamekamatwa. Yeye akaweka alama zake kwenye nyumba zote, akatoka, na mlangoni akasema bila kugeuka: "Sasa najua mutoto akisikia baridi, nyumba ine zitamufunika." Tangu siku hiyo waliendelea kulipitisha dirishani, na yeye akaendelea kulisalimu. Hakuna aliyeona haya tena.

Orodha aliyoiamini kwa dhati ilikuwa ile isiyoandikwa popote. Ndiyo iliyokuwa ikimlaza vitandani. Alilala kitanda cha kila mtoto wa permi, akihesabu mpaka ishirini, na siku moja nyumbani kwa dereva wa treni alihesabu mpaka kumi na mbili tu kisha akaanza kukoroma. Mke wa dereva alipika, akala, akafua, akiwanyamazisha watoto kwa kidole, mpaka Kapita alipoamka karibu saa tisa na kuwapa miezi mitatu bila swali. Aliangalia visigino vya watoto. Alinusa masufuria. Alifika saa ya chakula, kila mara kwa bahati mbaya, na kila mara alikubali kukaa.

Na aliuliza. Maswali yake hayakuwa ya ofisi. "Kuku ile nyekundu, ni ya nani?" Mtoto akijibu "ni yetu," Kapita aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akijibu "ni yao," aliandika kitu. Swali lake kubwa aliliacha mwisho: "Ukianguka, unaliaka kwa nani?"

Hilo swali nililiona mara moja likifanya kazi yake kweli. Ilikuwa safu ya mwisho, kwa fundi mwashi mmoja, nami nilikuwa nimetumwa kule kuomba chumvi. Palikuwa na msichana mdogo kuliko mimi, mtoto wa shemeji yao. Nyumba ilikuwa safi, blanketi lipo, dirisha linafunguka. Kapita akaviangalia visigino vya yule mtoto, vimepasuka kama udongo wa kiangazi, kisha akamwuliza unalia kwa nani.

"Mi silii," msichana akasema.

Kapita akafunga daftari. Hakugomba, hakumtisha mtu, wala hakulitaja lori. Alimshika mtoto mkono, mkono mwingine akashika baiskeli, akaondoka navyo vyote viwili kuelekea kwake. Mwashi alimfuata akipiga kelele mpaka kwenye bomba, akarudi. Mimi nilirudi nyumbani bila chumvi.

Hapo ndipo penye kichekesho chake kikubwa. Kapita mwenyewe hakuzaa, lakini nyumba yake ilijaa watoto wa permi, watatu wa ndugu zake na sasa huyo wa nne, na permi zao zilitakiwa kukaguliwa na Kapita. Mwingine angeandika tu daftarini akalala. Yeye alitoka ndani ya nyumba yake, akaizunguka, akabisha hodi mlangoni pake. Sisi watoto tulijaa kwenye ua wa miti kuchungulia, maana hakukuwa na tamasha zuri kuliko hilo.

Mke wake alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyofika mpaka stesheni. Alifungua mlango kwa adabu.

"Karibu, Kapita. Bwana hayupo."

"Nitamungoja?"

"Aa, ule hana saa. Ingia, angalia tu."

Akaingia. Alikagua nyumba yake kana kwamba hajawahi kuiona. Alivilala vitanda vyote vinne. Aliwauliza watoto maswali, nao walimjibu "ndiyo Kapita," "hapana Kapita," wakiuma midomo wasicheke. Kisha tukamsikia akipaza sauti: kuku ndani ya chumba cha kulala? Na mwenye nyumba hii ni mtu gani huyo anayewaachia kuku kitanda?

"Nilimuambiaka, Kapita," mke wake akasema kwa huzuni. "Hasikiake. Umuambie weye, pengine weye atakusikia."

Alijinyima permi. Nawaambia ukweli mtupu: alijiandikia siku kumi na tano, akatoka na uso wa kazi, akazunguka nyumba, akarudi ndani kwa mlango wa nyuma, na jioni hiyohiyo tulimwona akijenga banda la kuku, jasho linamtoka, mke wake akimshikia misumari na kumwuliza ni nani aliyemgombeza.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kwetu kuamua kama nabaki.

Mama Mudogo alijiandaa kama anayengoja askofu. Alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye mikono mepesi na ulimi mwepesi zaidi, na aliogopa kuliko nilivyojua wakati huo. Alinifundisha kusalimu kwa mikono miwili. Alinifundisha kujibu "ndiyo Mama" kabla sijamaliza kusikia natumwa nini. Mimi nilikuwa mwanafunzi bora. Mtoto aliyetoka kuzika nyanya yake hana haja ya kufundishwa woga. Sikuvunja kitu, sikugombana na mtu, na kama mnavyojua nililalia msumari bila kulalamika.

Kapita alipomaliza kukikagua kitanda, chakula kikaletwa. Watoto watatu wa Mama Mudogo walikaa chini kuzunguka beseni moja, bukari, yaani ugali, katikati, sombe ya majani ya mihogo pembeni. Mimi, Mama Mudogo aliniwekea sahani yangu peke yangu, ile ya enameli yenye maua, akaniwekea kichwa cha samaki kizima. Alisimama nyuma yangu akitabasamu, anangoja sifa. Kapita alikuwa amekwisha kumega tonge lake la kwanza, akalishusha.

"Mama, uyu mutoto, juu ya nini anakula peke yake?"

"Juu ni mutoto wa dada yangu, Kapita. Namupendaka sana."

"Na bale? Banakulia mu beseni."

"Bale njo bangu," Mama Mudogo akasema, "banazoea."

Nadhani alilisikia lile bangu lake, yaani wangu, likiwa limeshatoka, maana alijifunika mdomo. Kapita akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Mugeni njo anapewaka sahani yake," akasema, na hakusema kwa ukali. "Uyu mutoto ana heshima mingi sana, Mama. Mutoto wa heshima mingi, hajafika bado. Siku kumi na tano."

Alipoondoka Mama Mudogo alikaa chini sakafuni. "Nilimupa kichwa ya samaki!" akawa anasema. "Kichwa muzima! Hata Ilunga simupake!" Akalia, akamtukana Kapita na baiskeli yake, kisha akanivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Nami sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilijua jambo moja tu: nyumba ilikuwa imeshindwa mara moja, na mara ya pili ni lori.

Habari ya sababu ya Kapita ilizunguka safu nzima. Mke wa seremala, jirani yetu wa kulia, alimweleza Mama Mudogo kwamba Kapita anataka mtoto mtundu. Mama Mudogo hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Siku iliyofuata akaanza kunifundisha utovu wa adabu kwa bidii ileile aliyonifundishia adabu.

"Akikuya, nitakutuma mayi. Weye utasema, nimechoka."

"Nimechoka, Mama."

"Si vile! Kwa nguvu. Kama Ilunga. Tupa na mabega."

Nikatupa mabega. Ilunga alikaa pembeni kama mwalimu, akinisahihisha jinsi ya kukunja midomo na kuburuta miguu, na nawaambia hakuna mtoto aliyewahi kuombwa awe mbaya kwa upole kama mimi wiki mbili zile. Nilifanya mazoezi uani peke yangu mpaka kuku wakanizoea.

Siku ikafika. Kapita akaja, akalala kitandani, akahesabu, akaridhika na msumari uliong'olewa. Mama Mudogo akasafisha koo.

"Enda unichotee mayi!" akaniamrisha, akinikonyeza kwa jicho lililofichika kwa Kapita.

Nikasimama wima. Nikakunja mikono mbele ya tumbo, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti safi: "Nimechoka, Mama, unisamehe."

Mama Mudogo akafumba macho. Ilunga akajipiga paji la uso. Kapita hakucheka, aliandika kitu kirefu sana daftarini, nami nikaanza kuliona lori, na magunia, na njia ya vumbi inayokwenda mahali ambapo hakuna atakayetoka nje kuangalia nani amefika.

Tukala. Safari hii nilikaa kwenye beseni pamoja na wengine, mgeni ni Kapita na sahani yake ya maua. Beseni lilikuwa na sheria zake, alizoziweka Mama Mudogo kuzuia damu isimwagike: kichwa cha samaki kina zamu. Jana kilikuwa cha Ilunga. Leo changu. Katika wiki mbili hizo, katikati ya masomo yote yale, hiyo zamu nilikuwa nimeishika bila mtu kunifundisha. Nilikuwa nakitazama kile kichwa, nikila sombe polepole ili kije mwisho, wakati mkono mrefu wa shati la kaki ulipopita juu ya bega langu, ukaingia ndani ya beseni letu, ukakichukua.

Sikufikiri. Nilimdaka kifundo cha mkono kwa vidole vyangu vyote vyenye mchuzi.

"Weye! Rudisha! Iyo ni yangu, leo ni zamu yangu!"

Mama Mudogo alitoa sauti kama birika. Nami nilikuwa bado nimeushikilia mkono wa kampuni, machozi yananitoka, na siachii. Ndipo Ilunga, ambaye asubuhi ile alikuwa amenimwagia mchanga kichwani, akaongea na mdomo umejaa.

"Ni yake, Kapita. Yangu ilikuwa jana."

Kapita alitutazama wote wanne kuzunguka lile beseni. Akarudisha kichwa cha samaki mahali pake, akalamba vidole, akasema amekionja, kina chumvi ya kutosha. Kisha akaandika miezi mitatu.

Nisiseme uongo kwamba toka hapo ilikuwa raha. Ilikuwa miezi mitatu, halafu mingine mitatu, kwa miaka karibu kumi. Shuleni kwa masista niliitwa mtoto wa permi, na kila mtu aliyeshindwa kunipiga alinimaliza kwa kusema lori langu linakuja. Iliniuma. Kapita hakulegeza hata mara moja, hata nilipomzidi mke wake urefu. Alikuja, alilala, alihesabu, aliuliza. Nilipofika miaka kumi na mitano nilimkalisha chini nikamwuliza mimi nitakuwa wa muda mpaka lini.

"Mi niko na karatasi ya namna moja tu," akajibu. "Hata iyi nyumba yangu kampuni inanipa kwa muda. Na bazungu benyewe, congé ya kurudia kwabo ikifika, haubaonake ku gari ya moshi?"

Nikacheka, maana ilichekesha. Lakini alipoondoka nilikasirika. Nilimpenda mtu yule na nilimwogopa, na zaidi ya yote nilitaka siku moja tu aniangalie bila penseli.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa asubuhi ya ndoa yangu. Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha, mchumba wangu alikuwa fundi kule Jadotville, na nyumba ya Mama Mudogo ilikuwa imejaa wanawake, moshi na kelele. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti katikati ya chumba, nywele nusu zimesukwa, mlango ulipobishwa. Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ni watu wa mume. Alikuwa Kapita, mzee sasa, ameegemea fimbo, miwani imefungwa kwa uzi, daftari kwapani.

"Nimekuya kufunga musitari," akasema.

"Leo?" Mama Mudogo alikuwa na unga mpaka viwikoni. "Kapita, leo ya ndoa?"

"Kesho hatakuwa apa. Nitafunga namna gani musitari ya muntu aliyekwisha kwenda?"

Akapewa kiti, akakaa, akafungua daftari mapajani. Kila mtoto wa permi alikuwa na mstari wake humo, na siku anapoondoka kambini mstari ulifungwa kwa maneno mawili ambayo ofisi iliyachagua. Akatuonyesha. Mmoja aliolewa, mwingine alikwenda kusomea ufundi, mwingine nyanya yake alikuja kumchukua, na mbele ya majina yote, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake uliolala upande: Amerudi kwao. Amerudi kwao. Amerudi kwao.

Akachovya kalamu. Mama Mudogo akaja kusimama mbele yake.

"Kapita. Ukiandika uyu anarudia kwabo, basi miaka yote iyi siye tulikuwa nini? Oteli?"

Hakuna aliyecheka. Yule aliyekuwa akinisuka aliacha mikono yake kichwani mwangu. Miaka kumi nilikuwa nimengoja neno moja kutoka kwa mtu huyu, na sasa nilikuwa naondoka bila kulisikia, na niliona wazi kwamba Mama Mudogo naye alikuwa akilingoja, pengine kuliko mimi.

Kapita aliweka kidole kwenye mstari wangu. Wino ulianza kukauka kwenye kalamu, akaichovya tena. Akaandika polepole, akisoma kila kipande kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

"A-me-to-ka kwa-o."

"Ofisi itasema nini?" mke wa seremala akauliza.

"Ofisi banasomaka mwisho ya mwezi. Mi mwisho ya mwezi napumuzika." Akalipuliza lile neno likauke. Kisha akaligeuza daftari kumwelekea Mama Mudogo, ili aone mwenyewe.

Mama Mudogo hakujua kusoma. Alijifuta kidole kwenye kitenge, akakiweka chini ya neno la mwisho, kwa uangalifu, asilichafue.

"Apa iko nini?"

"Kwabo."

"Njo wapi?"

Kapita akavua miwani, akamtazama, kisha akagonga sakafu ile kwa fimbo yake.

"Ni apa, Mama," akasema. "Ni apa."